Ukihamishiwa Kisumu, pima mfuko kabla ya kufunga mizigo

BARUA ya uhamisho haibishi hodi. Humkuta mfanyakazi amekwisha kulipa karo ya muhula, mwenzake nyumbani ana kazi yake, na sofa mpya bado inadaiwa dukani. Kwa mwalimu, muuguzi, karani wa benki au afisa wa shirika aliyezoea Nairobi, huenda barua hiyo ikataja Kisumu. Hapo marafiki humzingira kwa pongezi. "Una bahati, ndugu yangu," humwambia. "Huko kodi ya nyumba ni ya chini, na samaki ni kama wa bure."

Wakwe nao hunong'ona kinyume. Wao wamesikia kuwa Kisumu kuna joto na mbu, na kwamba anayetoka Nairobi hupunguziwa marupurupu.

Ni nani msema kweli kati ya hao? Leo tumeamua kushika kalamu na karatasi, kwani wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

MJI ULIOPATA UHAMISHO

Msafiri anayetoka Nairobi kwa barabara huenda kiasi cha kilomita 350. Hupitia Nakuru na mashamba ya majani chai ya Kericho, kisha gari huanza kuteremka kuelekea uwanda wa Kano. Masikio huziba na sweta huvuliwa. Baada ya miwa na mpunga wa Ahero, mji hujitokeza ukiwa umelala kando ya ghuba, huku vilima vya Riat na Kajulu vikiulinda kwa nyuma.

Ajabu ni kwamba Kisumu yenyewe ilipata uhamisho kabla ya mfanyakazi yeyote wa leo. Reli ilipofika ufuoni Desemba 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence na palihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ni mwaka 1902 ambapo eneo hili lilihamishiwa himaya ya Uingereza ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya.

Kwa miaka mingi mji ulikula kutokana na reli, bandari na viwanda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, bandari ilipoteza shughuli nyingi. Katika miaka ya 1990 kiwanda cha nguo cha Kicomi nacho kilifunga milango yake. Siku hizi mishahara mingi ya mjini hutoka kwa serikali ya kaunti na ya kitaifa, vyuo vikuu, hospitali, mabenki, biashara, utafiti wa magonjwa ulio na makao yake Kisian, na mashirika ya misaada.

Hayo ya mwisho yanahitaji tahadhari. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni Januari 2025, watu wengi waliokuwa wameajiriwa katika miradi ya afya ya ukanda wa ziwa walijikuta nje ya kazi katika kipindi cha wiki chache. Basi swali la kwanza la anayeitwa Kisumu lisiwe "nitalipwa ngapi?" bali "anayenilipa hupata fedha wapi, na mkataba wangu unaisha lini?"

SERIKALI HAIJUI MJI MDOGO

Wengi hudhani kuwa sheria ya mishahara huitazama Kisumu kama mji mdogo. Sivyo. Katika amri ya kima cha chini cha mshahara, Kisumu imewekwa kundi moja na Nairobi, Mombasa na Nakuru. Amri iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024 ilimwekea kibarua wa kawaida katika majiji hayo Sh16,113.75 kwa mwezi. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi wake kwamba "hapa si Nairobi" ili amlipe chini ya hapo anajitungia sheria yake mwenyewe.

Ushuru nao ni ule ule. Mkenya hatozwi ushuru wa mapato kulingana na mji anamolala. Hebu tuchukue mfano wa mfanyakazi mwenye mshahara wa jumla wa Sh60,000, tutumie viwango vya mwaka 2025.

Kwanza hukatwa asilimia 6 ya hazina ya uzeeni, NSSF, ambayo ni Sh3,600. Halafu huja bima ya afya ya SHIF iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024: asilimia 2.75, yaani Sh1,650. Tena kuna ada ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo ni Sh900. Jumla ni Sh6,150. Tangu mwishoni mwa mwaka 2024 makato hayo yote huondolewa kwanza kabla ya ushuru kupigwa, kwa hivyo anayetozwa ushuru ni mtu wa Sh53,850.

Shilingi 24,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizosalia asilimia 30. Ukijumlisha na kuondoa nafuu ya Sh2,400 anayopewa kila mlipa ushuru, PAYE huwa Sh8,538.35. Mfukoni hubaki Sh45,311.65, awe analala Umoja kule Nairobi au Migosi hapa Kisumu.

MARUPURUPU YANAYOPOTEA NUSU NUSU

Tofauti huanzia kwenye marupurupu ya nyumba. Kwa walimu na watumishi wa umma, Nairobi huwa katika kundi la juu peke yake, na Kisumu iko kundi la pili pamoja na miji kama Mombasa na Nakuru. Mtu akihama, cheo hakishuki lakini marupurupu ya nyumba hushuka. Hapa ndipo watu hulia, na hapa ndipo hesabu huwasaidia.

Tuseme mfanyakazi wetu alikuwa akipata Sh70,000 Nairobi, na uhamisho umempunguzia Sh10,000 za nyumba, akabaki na zile Sh60,000. Je, amepoteza Sh10,000? La. Marupurupu hayo nayo yalikuwa yakikatwa NSSF, SHIF, ada ya nyumba na ushuru. Kwa Sh70,000, alichokuwa akipeleka nyumbani ni Sh51,594.15. Ukitoa Sh45,311.65 za sasa, utaona kuwa kilichoondoka mfukoni ni Sh6,282.50. Zile nyingine zilikuwa zikipita mikononi mwake tu zikielekea kwa serikali na hazina ya uzeeni.

Nambari hii ndiyo ya kushikilia. Ikiwa nyumba ya Kisumu itakupunguzia kodi kwa zaidi ya Sh6,282.50, umepata faida. Ikiwa ni chini ya hapo, umepata hasara. Chukua mfano wa anayelipa Sh25,000 Nairobi naye apate nyumba ya Sh16,000 Kisumu. Amepunguza Sh9,000, na faida yake halisi ni Sh2,717.50 kwa mwezi. Si haba, lakini pia si utajiri ule anaopongezewa na marafiki.

NYUMBA NJEMA SI MLANGO

Kodi za Kisumu hutegemea sana upande wa mji. Milimani, ambako wakoloni walijenga wakilifuata upepo wa ziwa, ndiko wanakokaa wageni wa mashirika na wakubwa, na kodi yake inaweza kumshangaza hata aliyetoka Nairobi. Wafanyakazi wa kadiri hutafuta Tom Mboya, Migosi, Kanyakwar, Mamboleo au upande wa Riat. Wenye kipato kidogo hujibanza Manyatta, Nyalenda, Obunga na Bandani, mitaa iliyouzunguka mji kama mshipi.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukionyeshwa nyumba ya bei nafuu upande wa Nyamasaria au Nyalenda, uliza majirani maji ya mvua hufika wapi mwezi wa Aprili. Sehemu hizo ni tambarare, udongo wake ni mweusi wa kunata, na mafuriko si mgeni. Mwaka 2020 maji ya ziwa lenyewe yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, yakawafukuza watu waliokuwa wamejenga karibu na ufuo.

Uliza pia kuhusu mfereji. Kampuni ya maji ya Kisumu huteka na kusafisha maji Dunga, ziwani, na Kajulu, kwenye mto. Mahali mfereji haufiki, watu hununua maji kwa mitungi, au hutumia visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo. Shilingi elfu mbili unazookoa kwenye kodi zinaweza kuishia kwenye mitungi ya maji na, Mungu aepushe, kwenye dawa ya kuhara.

SAMAKI SI WA BURE

Jumapili, soko la Kibuye huwa limefurika. Utapata nguo za mitumba, vitanda, kuku hai, sukuma wiki, osuga na mrenda, vyote vikipangwa hadi kando ya barabara. Mboga za kienyeji hutoka Vihiga, Kisii na vijiji vya karibu, nazo huwa nyingi na freshi kuliko zile zinazofika Nairobi zikiwa zimenyauka. Mchele wa Ahero hauna safari ndefu. Lakini viazi na kabeji hupanda lori kutoka nyanda za juu, na mayai mengi huvuka mpaka kutoka Uganda. Mji huu ulio kando ya maji hununua sehemu kubwa ya chakula chake kutoka mbali.

Na samaki je? Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Zaidi ya tisa kwa kumi zimo Tanzania na Uganda, wala wavuvi wetu hawawezi kulifuata windo huko wapendavyo. Ngege wa asili wamepungua, na pengo limezibwa na samaki wanaofugwa katika vizimba ziwani na wale wanaoletwa kutoka China wakiwa wamegandishwa. Ndiyo maana muuzaji wa Kibuye humwita mnunuzi kwa kiapo: "Baba, huyu ni wa ziwa, si wa friji! Tazama jicho lake."

"Mama, punguza kidogo."

"Nikipunguza nitawalisha nini watoto? Chukua huyu, kesho hutampata."

Mbuta naye ana kisa chake. Tangu aletwe ziwani katika miaka ya 1950 ameneemesha viwanda vinavyotoa minofu na kuisafirisha Ulaya. Kinachobaki baada ya mnofu kuondoka ni kichwa, uti wa mgongo na mkia. Akina mama wa Obunga huvinunua, huvikaanga katika mafuta yanayochemka na kuviuza kwa jina la mgongo wazi. Hivyo wapo watu wanaoishi hatua chache kutoka ziwani ambao humla samaki yule yule anayeliwa Ulaya, ila wao huambulia mifupa. Msomaji atambue kwamba bei ya mnofu Kisumu huamuliwa pia na meza za watu wasioujua mji huu.

Anayetaka kula samaki bila kuuumiza mfuko hujifunza omena. Hupimwa kwa gorogoro, hukaa bila friji, na humlisha mtoto vizuri. Lakini ajue kuwa kila mwaka, kwa kawaida kati ya Aprili na Julai, uvuvi wake hufungwa ili wazaane. Mwenye busara hununua akiba mapema.

JUA, MBU NA BARABARA

Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,795 kutoka usawa wa bahari, na Kisumu kiasi cha mita 1,130. Tofauti hiyo huonekana kwenye matumizi. Blanketi nzito hupumzika, feni hufanya kazi, na maziwa yasiyochemshwa asubuhi huwa yamechacha jioni. Kipimo cha bei ya umeme ni kimoja nchi nzima, kwa hivyo usitarajie nafuu hapo. Petroli nayo, ambayo bei yake hutangazwa na EPRA kila mwezi, hutofautiana kidogo tu kati ya miji hii miwili.

Malaria ni gharama ambayo mtu wa Nairobi huisahau. Kaunti za ukanda wa ziwa ndizo zenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga waliyo nayo wenzake waliokulia hapa. Basi chandarua kiwe kitu cha kwanza kufunguliwa kwenye mizigo, na homa isisubiri kesho. Jambo la kutia moyo ni kwamba hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi katika miaka ya 1960, iko hapa hapa mjini.

Usafiri ndio unaowafurahisha wengi. Kutoka Migosi au Mamboleo hadi katikati ya mji ni mwendo mfupi wa matatu, tuktuk au bodaboda. Mfanyakazi anayekaa karibu anaweza hata kwenda nyumbani kula chakula cha mchana. Linganisha na yule wa Rongai au Ruiru anayeamka saa kumi alfajiri ili ashinde msongamano, kisha akawakuta watoto wamelala. Saa hizo mbili au tatu za kila siku haziandikwi kwenye karatasi ya mshahara, lakini mtoto huzihesabu.

SUFURIA MBILI

Hapa tumefika kwenye jambo linalozivunja hesabu nyingi. Mume anahamishiwa Kisumu, mke ana kazi Nairobi, watoto wako shuleni. Wanaamua kwamba mmoja atangulie "kwa muda". Muda huo hugeuka mwaka, kisha miaka mitatu.

Kumbuka ile faida yetu ya Sh2,717.50. Safari moja ya basi ya kwenda na kurudi Nairobi huweza kuimeza karibu yote. Ukiongeza kodi ya pili, mtungi wa pili wa gesi, kitanda cha pili na vyombo vya pili, utaona kuwa hakuna unafuu wa Kisumu unaoweza kulisha sufuria mbili. Na hapo hatujagusa mambo yasiyopimwa kwa shilingi, kama vile mzazi anayeona watoto wake wakikua kupitia simu.

Kwa upande mwingine, ikiwa familia yote inahama na mwenzako anaacha kazi ya Sh25,000 Nairobi, usijidanganye kwamba kodi ya chini itaifidia. Nafasi za kazi Kisumu ni chache zaidi, na huenda akakaa miezi mingi akitafuta. Wanaofaulu ni wale wanaopanga mapema: mwenye taaluma ya ualimu au uuguzi huomba uhamisho pamoja na mwenzake, na mfanyabiashara huja kwanza kulisoma soko kabla ya kufunga duka lake.

JAMAA WAMEKARIBIA

Kwa mwenyeji wa Siaya, Homa Bay au Vihiga, kuishi Kisumu ni kukaa mlangoni pa nyumbani. Akiwa Nairobi, tanga la mbali alilitumia pesa kwa simu na kuomba radhi. Akiwa Kisumu hana kisingizio. Ijumaa jioni ni mkesha, Jumamosi ni mazishi, na kila mahali pana mchango, nauli na mafuta ya gari. Ndugu anayeugua kijijini hushukia kwake akielekea Russia, na shemeji anayetafuta kazi hulala sebuleni.

Lakini ziwa likitoa kwa mkono mmoja hurudisha kwa mwingine. Mama mzazi hutuma gunia la mahindi, njugu na viazi vitamu kwa matatu ya asubuhi. Anayejenga boma lake kijijini husimamia mafundi mwenyewe kila wiki, badala ya kutuma fedha za saruji na kuonyeshwa picha. Na watoto hujifunza lugha ya nyanya yao.

Kwa aliyetoka Murang'a au Taita, mizani hugeuka. Jamaa wake wamekwenda mbali zaidi, na kila msiba ni safari ya siku nzima. Huyo naye aiweke nauli hiyo kwenye daftari.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Ndugu msomaji, ukipata barua hiyo, usiijibu siku hiyo hiyo. Watoto wakishalala, keti na mwenzako na mwandike mambo manne. Mosi, kiasi halisi kitakachopungua mfukoni baada ya makato yote. Pili, kodi ya nyumba mliyokwenda kuiona kwa macho, wala si ile mliyosimuliwa. Tatu, mapato ya mwenzako yatakuwaje. Nne, mtasafiri mara ngapi kwa mwaka, na kwenda kwa nani.

Baada ya hapo muulize mwajiri kuhusu posho ya kuhamia, nani atalipia lori la mizigo, na kama tarehe ya kuripoti inaweza kungoja muhula wa shule uishe. Hakuna aibu kuuliza. Mwajiri mwema atajibu kwa maandishi, na jibu lenyewe litawaonyesha mnaenda kufanya kazi na nani.

Ikiwa mnakwenda wote, mna chandarua, na nyumba yenu iko juu ya maji ya Aprili, basi karibuni Kisumu. Jioni teremkeni Dunga mkawatazame wavuvi wakitia mashua majini. Hiyo hailipiwi kodi wala ushuru.